Simu Kutoka Njia ya Terekeka

“Nimeweka gia ya magurudumu manne, lakini ya mbele yamekaa tu. Ya nyuma ndiyo yanachimba matope.”

Cissy aliweka spana chini. Simu ilikuwa inakwaruza, na gereji yake pale Kator, mjini Juba, ilijaa kelele za nyundo. Alimwashiria mumewe, Ojok, aache kugonga.

“Nani anaongea?”

“Keji, nesi wa zahanati ya huku njia ya Terekeka. Ile gari nyeupe mnatutengenezea nyinyi.”

Gari Cissy alilijua, hata kwa mlio. Keji hakuwahi kumwona. Siku zote aliyelileta Juba alikuwa dereva wao, Yangi.

“Yangi yuko wapi?”

“Malaria imemlaza. Naendesha mimi. Nimeshapita nusu ya njia. Dada, nina mama wa kujifungua humu. Mtoto ametanguliza miguu. Huku hatuna wa kumpasua. Lazima afike hospitali leo.”

Cissy alikaa juu ya tairi kuukuu. Mdogo wake, Josline, alikuwa na uchungu hivyohivyo walipokwama kwenye tope njia ya Yei. Alishuka kusaidia kusukuma kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Walirudi Juba na maiti.

“Nisikilize vizuri,” alisema. “Huyo mama asishuke hata kidogo. Alale nyuma, atulie. Umesikia? Kama anashuka, mimi sikusaidii.”

Keji alivuta pumzi. “Nimesikia.”

“Haya, shuka wewe. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifuniko kinazunguka kwa mkono. Kizungushe mpaka kigome. Bila hivyo, gia unaweka bure.”

Cissy alisikia mlango ukifunguka, kisha matope yakinyonya miguu. Mvua ilikuwa inagonga boneti. Kilichofuata kilikuwa kuhema, na baada yake mguno mzito, mrefu, wa mtu anayeuma meno asipige kelele.

“Ni yeye huyo?”

“Ni yeye.”

“Mwambie apumue.”

“Anapumua.”

“Sasa toa upepo kidogo kwenye matairi yote. Tumia kijiti. Halafu gia nzito, na usikanyage mafuta kwa hasira. Liache litambae lenyewe.”

Muda mrefu ulipita. Ojok alikuwa amesimama na nyundo mkononi. Hatimaye injini ilinguruma, ikashuka, ikanguruma tena.

“Limetoka!” Keji alilia. “Dada, limetoka!”

Walipumua kwa muda mfupi tu. Simu iliita tena kabla Cissy hajaosha mikono.

“Nimevuka kijito. Sasa gari inakohoa, na hapa imezima kabisa.”

“Ikikohoa inatoa moshi mweupe?”

“Ndiyo.”

“Maji yameingia kwenye dizeli. Fungua boneti. Filta iko upande wa kulia, chini yake kuna skrubu. Ilegeze, maji yatoke mpaka uone dizeli tupu. Kisha kaza. Juu yake kuna kitu kama kitufe kikubwa. Kipige kwa kiganja mpaka kiwe kigumu.”

Ilichukua muda Keji kurudi kwenye simu. “Maji yametoka. Nimekaza.”

“Piga hicho kitufe sasa.”

Cissy alisikia mapigo machache. Yakakoma.

“Mbona umeacha?”

“Nangoja kidogo.”

“Unangoja nini? Piga!”

“Kidogo tu, dada.”

“Mtu anakufa ndani ya gari na wewe unapumzika? Wewe ni nesi wa namna gani?”

Kuhema kulikuja karibu sana na simu, kukapanda, kukashuka taratibu.

“Malesh, dada, samahani,” Keji alisema mwishowe, sauti imekauka. “Imepita. Napiga sasa.”

Mapigo yalianza upya. Injini ilikataa, ikakataa tena, kisha ikashika.

“Usiizime mpaka ufike,” Cissy alisema. “Tutakungojea pale lami inapoanza. Ojok atashika usukani kuingia mjini. Wewe kaa nyuma na mgonjwa wako.”

Simu ilikatika kabla hajasikia jibu.

Walifunga gereji, wakapanda boda moja wote wawili hadi mwisho wa lami. Mvua ilikuwa imehamia upande wa mto. Malori yalipita, pikipiki zikapita, mwanamke na mbuzi wake akapita. Kila gari jeupe lilimwinua Cissy, kisha likamkalisha.

“Nilimgombeza sana,” alisema.

“Alistahili,” Ojok alijibu. “Mtu hawezi kupumzika wakati kama ule.”

Cissy alitazama barabara. Alikuwa anamfikiria huyo mama aliyelala nyuma, akirushwa na kila shimo, bila hata mkono wa kushika kwa sababu nesi yuko usukani.

Jua lilikuwa limeanza kulegea gari la zahanati lilipotokea, limepakwa matope mpaka juu ya paa. Lilikuja polepole, likiyumba kushoto na kulia kama linaloongozwa na mlevi. Ojok alipunga mikono yote miwili. Gari lilipanda rundo la mchanga kando ya barabara, likasimama hapo, injini ikiendelea kunguruma.

Cissy alikimbilia mlango wa nyuma, akaufungua kwa nguvu. Palikuwa na godoro, shuka iliyokunjwa vizuri na beseni. Hapakuwa na mtu.

“Keji!” alipaza sauti, akizunguka gari mbio. “Mama yuko wapi? Umemwacha wapi?”

Ojok alishamfikia dereva. Alikuwa amefungua mlango na kubaki ameushika tu, mdomo wazi.

Keji alikuwa ameegemea kiti, macho amefumba, gauni limelowa hadi miguuni, na tumbo lake la mimba limebanwa na usukani.