Pindo la Kanga

Uchungu ulipozidi, mama mkwe wake, Bi Sikudhani, alimtia pindo la kanga mdomoni aliume, maana katika ukoo wao mwanamke hajifungui kwa makelele. Mwanahawa akauma.

Daktari aliingia, akampapasa tumbo, kisha akamgeukia mama mkwe. "Njia inafunguka polepole mno. Nataka kumpasua. Mnakubali?"

Bi Sikudhani akampigia mwanawe simu. "Wampasue tu," sauti ya mume ikasikika wodi nzima.

Mwanahawa alilitoa pindo mdomoni. "Daktari, kwani mtoto ana shida gani? Tukingoja kidogo je?"

Daktari alikuwa keshafika mlangoni. Mama mkwe akalirudisha pindo taratibu, kwa mapenzi kabisa. "Uma, mwanangu. Wakubwa wameshazungumza."

Jioni alizinduka na mshono tumboni, na binti kando yake, mzima, akilia kwa nguvu zake zote. Muuguzi akaleta uji.

"Mama, nikutilie sukari?"

Lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa siku ile. Mwanahawa alifungua mdomo, kisha akamtazama mama mkwe.

Bi Sikudhani alikuwa amemwinamia mjukuu, anamnyamazisha, huku akimfuta mdomo kwa pindo lile lile lililotobolewa na meno.