Hodi ya Tatu

"Huko juu hakuna watu," alisema Mwalimu Mwero, akimmiminia mgeni wake kahawa. "Warusi wamerusha mwezi wao wa chuma. Wiki ya pili hii unazunguka ukilia tii, tii, tii. Nani ameuitikia?"

Mwalimu mkuu, mzee Abdurahman, alicheka. Alikuja Msambweni kumtazama kijana aliyemposa binti yake, na alipenda mambo mazito yaanze kwa utani. Alipokuwa akivua viatu mlangoni alikwisha kumsuta Mwero kwa makubadhi yake yaliyokuwa hapo barazani: "Kisigino cha kushoto kimelika upande, na ukanda umekatika! Unatembea au unalima?"

"Nakanyagia upande tangu utotoni, mzee," Mwero alijibu.

Sasa mzee alikunywa funda moja. "Nyota hazihesabiki, mwanangu. Katika zote hizo ikosekane hata moja yenye maji na hewa? Mola ni wa walimwengu wote, si wa Msambweni peke yake."

"Lakini si tumefunzwa kupiga hodi mara tatu? Usipoitikiwa, nyumba haina watu."

"Tumefunzwa turudi. Hatukuambiwa nyumba haina watu."

"Hodi!"

Sauti ilitoka barazani, nyembamba, ya mtu aliyetoka mbali. Mlango ulikuwa umerudishwa kwa sababu ya vumbi. Mwero alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Nguo ya kaniki iliyopauka. Kuku kwapani. Miguu mitupu, myekundu kwa udongo wa kwao Kinango.

Mama yake.

Kwa mzee Abdurahman, mama huyo alikufa zamani, pamoja na baba, wote wawili wafanyabiashara wakubwa wa Mombasa. Ndivyo Mwero alivyojieleza alipopeleka posa.

"Hodi wenyewe!"

"Mbona huitikii?" mzee aliuliza.

Mwero aliweka kidole mdomoni. "Muuza kuku," alinong'ona. "Huyu akiingia hatoki."

Hodi ya tatu ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeomba radhi. Kisha Mwero akamsikia akiketi barazani, akihema. Alikaa. Mwero akakitua kikombe chini taratibu, kisitoe mlio. Hatimaye nyayo zikaenda zake.

"Haya," mzee alitania, "naye atawaambia wenzake kwamba Msambweni hakuna viumbe!"

Mwero alicheka.

Adhana ya alasiri ilipolia, posa ilikuwa imekubaliwa. Walipofungua mlango, Dama, jirani wa Mwero, alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, kuku mkononi.

"Eh, mwalimu, kumbe mupo! Nilimwelekeza kwako bibi mmoja mgeni. Amerudi akasema nyumba haina mtu, akaniachia kuku huyu nikupe ukija."

"Maskini!" mzee alisema. "Kumbe hakuwa akiuza."

Mwero alishusha pumzi. Nyumba haina mtu: ndivyo mama yake alivyosema mwenyewe. Basi hakujua. Alhamdulillahi, hakujua.

Akainama kuvaa makubadhi yake. Ukanda wa kushoto ulikuwa umeungwa, umekazwa kwa fundo dogo safi, kwa kipande cha kaniki iliyopauka.