Chungu Kisichouzwa

"Mama, umebandika onyo la sumu hadi kwenye ufagio!"

"Sheria ya California ya kuwaonya wateja kuhusu sumu haitaki mchezo. Bora lebo zisizohitajika kuliko kesi," Eulalia alimfokea binti yake katikati ya duka lao la vyungu.

"Sasa mteja atajuaje kipi kina sumu ya madini ya risasi kweli?"

Eulalia akabandika lebo nyingine.

Binti akageukia chungu cha kijani cha marehemu bibi yake, kilichokuwa kwenye jiko la pembeni, maharagwe yakitokota ndani. "Na hiki mbona hakina lebo?"

"Hicho hakiuzwi, we mtoto."

Lakini udadisi ukamwasha binti. Akachukua kijiti cha kupimia madini ya risasi, akakisugua ukingoni. Ncha nyeupe ikawa nyekundu: risasi imo.

Eulalia akazima jiko, akatupa maharagwe pamoja na chungu. Kisha akaushika ufagio, akaanza kubandua lebo. "Zibaki penye sumu tu," akasema.