Dubu wa Mzee Shembilu

Siku ile mjinga alikuwa Mzee Shembilu mwenyewe, na hakukana. Masika yote alisoma kitabu cha Kiingereza cha watoto, hadithi ya dubu aliyepotea msituni, akiandika kwa penseli maana juu ya kila neno, ili aweze kuzungumza na mjukuu wake aliyezaliwa ughaibuni.

Mjukuu akaja, msichana mrefu kumpita babu. Babu akamsimulia dubu, asali na pango. Msichana akatabasamu kwa adabu, akarudi kwenye simu yake.

"Baba, huyu si mtoto tena," alisema Mwanaidi, mama wa msichana, akicheka.

"Basi mfundishe Kiswahili, tukutane njiani."

"Nimfundishe cha nini, baba? Wewe ukishatangulia, atazungumza na nani?"