Ufa kwenye Mhimili

Sheria ya jeshi la majini ilikuwa wazi: fundi akitia saini kuwa helikopta imetengenezwa, mtu wa nyumbani kwake hupanda safari ya kwanza ya majaribio. Asubuhi hiyo Dzombo, mume wa fundi Sajini Mishi, alikuwa amekwisha vaa jaketi la kuokolea maisha.

Mishi aliona ufa kwenye mhimili unaozungusha mapanga ya helikopta.

"Sitii saini," alimwambia Kapteni Mwachiro.

"Waliobuni helikopta hii wanasema mhimili huo unadumu miaka kumi."

"Basi wawalete watoto wao wapande!" Mishi alifoka, akaitupa kalamu.

Kapteni alimwita fundi mwenzake Mishi, Ngumbao. Ngumbao alitia saini akimkwepa Mishi macho, na mama yake Ngumbao, ajuza wa miaka sabini, akapandishwa. Mishi alikimbia kumzuia. Askari wawili walimkamata, naye akawatukana hadi sauti ikamkauka, huku helikopta ikipaa juu ya manowari iliyotia nanga bandarini.

Ilirudi salama. Bibi alishuka akicheka, watu wakampigia makofi. Hapo hapo Kapteni akaandika agizo kwamba mihimili yenye ufa kama ule isibadilishwe tena.

Nyumbani, Mishi aliisukuma sahani ya wali kwa hasira.

"Kesho zinajaribiwa helikopta tatu zenye ufa kama ule," Dzombo alisema kwa upole. "Utatia saini, mke wangu, au yule bibi azipande zote?"