Goti Lisilopigwa

"Shikamoo, baba."

Baba mkwe hakuitikia. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa mwanawe, mtaa wa Picha ya Ndege, kutoka Bukoba, na pale sebuleni aliutazama mkeka, akingoja mke wa mwanawe apige magoti kama ilivyo desturi yao.

Adventina alimgeukia mumewe, aliyeapa kwamba ameshamweleza mzee. Mumewe akainamia simu.

Wiki kumi zilizopita Adventina alipandikizwa gotini seli zake mwenyewe, zilizokuzwa maabara ili zioteshe gegedu jipya, ule utando laini unaozuia mifupa isisagane. Kutembea aliruhusiwa. "Ukipiga goti mwaka huu zitabanduka," daktari alimwonya, "na hatuna nyingine."

"Huyu ananisalimia wima kama askari?" mzee alimuuliza mwanawe.

"Adve, mara moja tu," mumewe alinong'ona.

Goti lilimpwita chini ya gauni refu. Alishika pindo kwa mikono miwili, akalipandisha taratibu mbele ya mkwewe, mpaka kovu lote likawa wazi, kutoka chini ya goti hadi mwanzo wa paja.

Mzee hakuliona. Alikuwa ameshajifunika uso kwa kofia, anautafuta mlango.