Harufu ya Watoto wa Sikitu

Hapo kale mbwa aitwaye Sikitu alizaa watoto watano shimoni. Siku ya tatu Fisi akabisha hodi kwa upole.

"Dada, wanao wananuka. Niachie niwaogeshe, nawe upumzike."

Sikitu alimtazama. Tangu lini fisi akajali usafi?

"Harufu yao umeisikia wapi, kaka?"

"Mbali, ng'ambo ya mto. Ndiyo iliyonileta."

Sikitu alimfukuza, lakini moyo haukutulia. Fisi alikuja kwa hila, ila harufu ilikuwa ya kweli. Akawalamba watoto mmoja mmoja, matumbo hadi mikia, kisha akawahamishia shimo jingine.

Jioni Fisi alipita karibu nao akinusanusa, akaenda zake na njaa yake.

Mshauri mbaya mfukuze, ila maneno yake yapime.